Murundu: Jamaa ya elmu asiyetambuliwa na wapitao Dagoretti Corner

ABIRIA anayeshuka matatu katika makutano ya Dagoretti Corner, pale ambapo Barabara ya Naivasha hujiunga na Barabara ya Ngong, huwa na mengi ya kutazama kabla ya kuinua macho kuangalia miti. Kuna magari yanayong'ang'ania nafasi, wachuuzi wanaonadi bidhaa zao, mafundi seremala walioanika vitanda na makochi kando ya barabara, na wauzaji wa miche waliopanga mifuko yao ya udongo kwa safu.

Ni wachache wanaokumbuka kwamba wamesimama mahali palipoinuka kuliko kilele chochote cha Uingereza. Kituo cha kupima hali ya hewa cha Dagoretti Corner, yaliko makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga nchini Kenya, kiko mita 1,798 juu ya usawa wa bahari. Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote nchini Uingereza, una mita 1,345 pekee.

Ulinganisho huo si wa mzaha kwa mtu anayechunguza mimea. Huko Ulaya kuna mti mashuhuri uitwao elmu, na miongoni mwa aina zake kuna moja inayopenda milima na mabonde yenye baridi. Nairobi nayo ni mji wa nyanda za juu, wenye asubuhi za baridi mwezi Julai na udongo mwekundu wenye rutuba. Je, elmu hiyo ya milimani ina ndugu hapa?

Jibu ni kwamba elmu yenyewe haioti kiasili katika Afrika iliyo kusini mwa jangwa la Sahara. Lakini jamaa yake wa karibu anaota, na amekuwa akiota hapa tangu kabla ya reli kufika Nairobi mwaka wa 1899. Wakikuyu humwita murundu. Wataalamu wa mimea humwita Celtis africana. Angali anapatikana katika msitu wa Ngong Road, mwendo mfupi kutoka makutano hayo, ingawa wengi wanaopita karibu naye kila siku hawajui jina lake.

Elmu ya milimani

Ili kumfahamu murundu, yafaa kwanza kumjua yule anayefananishwa naye. Elmu ya milimani, ambayo jina lake la kitaalamu ni Ulmus glabra, ilielezwa na mtaalamu Mwingereza William Hudson mwaka wa 1762. Neno glabra katika Kilatini lina maana ya kitu laini kisicho na manyoya. Jina hilo linatokana na gome la mti ukiwa mchanga, wala si majani, kwa kuwa majani yake hukwaruza mkono kama msasa.

Mti huo huota kuanzia Ireland hadi milima ya Ural nchini Urusi, na kutoka Skandinavia hadi kusini mwa Ulaya na nchini Iran. Upande wa kaskazini huweza kuota kwenye nyanda za chini. Kadiri mtu anavyoelekea kusini kwenye joto, ndivyo mti huo unavyopanda milimani kutafuta baridi na unyevu. Kwa njia hiyo hiyo, nyanda za juu za Kenya zimeipa nchi iliyo kwenye ikweta hali ya hewa ambayo mgeni kutoka Ulaya huiona kuwa ya kwao.

Elmu ya milimani huweza kufikia urefu wa mita 40. Maua yake madogo hutokea kabla ya majani, mwishoni mwa majira ya baridi, na chavua yake hupeperushwa na upepo. Tunda lake ni bapa, lenye utando mwembamba kama bawa unaoizunguka mbegu pande zote. Likishakauka, upepo hulibeba na kulitupa mbali na mti mama.

Jani lake lina alama moja isiyosahaulika. Sehemu ya chini ya jani, pale linapoungana na kikonyo, haina ulinganifu. Upande mmoja huanza chini zaidi kuliko mwenzake, kana kwamba aliyelikata kwa mkasi aliteleza. Alama hiyo ndiyo itakayomsaidia msomaji akienda kumtafuta murundu.

Jinsi ya kumtambua murundu

Murundu ni mti wa wastani hadi mkubwa. Mahali pa wazi hutanua matawi na kufanya kivuli kizuri, lakini ndani ya msitu hunyooka kutafuta mwanga na huweza kufikia mita 25 au zaidi. Gome lake ni la kijivu kilichofifia, karibu na weupe, na ni laini hata mti unapozeeka. Katikati ya miti yenye magome meusi yaliyopasukapasuka, shina la murundu huonekana kama nguzo iliyopakwa chokaa ikafifia.

Majani yake hukaa kwa kupishana kwenye kijiti, moja upande huu na jingine upande ule. Jani lina umbo la yai lenye ncha iliyochongoka, na urefu wake kwa kawaida hauzidi sentimita 10. Kuna mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, mishipa mitatu mikubwa huanzia mahali pamoja chini ya jani na kutawanyika kama vidole. Pili, ukingo wa jani una meno kama ya msumeno, lakini meno hayo hayaanzii chini; huanza kati ya jani au chini yake kidogo na kuendelea hadi kwenye ncha. Tatu, sehemu ya chini ya jani haina ulinganifu, sawasawa na ile ya elmu.

Wakati wa kiangazi mti huu hupukutisha majani na kubaki mtupu kwa kipindi kifupi. Mvua zinapokaribia, majani mapya huchipua yakiwa na rangi ya kijani kibichi inayong'aa na manyoya laini. Pamoja na majani hayo hutokea maua, ambayo ni madogo, ya kijani, na hayana petali. Mtu huweza kusimama chini ya mti uliochanua bila kujua kwamba umechanua. Maua dume hukaa kwa vishada upande wa chini wa vijiti vipya, na yale yanayozaa matunda hukaa juu zaidi, kwenye makwapa ya majani. Yote huwa kwenye mti mmoja.

Tunda ni kijitufe kidogo chenye upana wa milimita 5 hivi, kilichoning'inia kwenye kikonyo chembamba. Linapoiva hugeuka kutoka kijani hadi manjano au rangi ya machungwa iliyochanganyika na hudhurungi. Ndani yake kuna nyama kiasi na kokwa moja ngumu. Hapa ndipo murundu alipoachana na elmu katika mwenendo wake. Elmu iliutegemea upepo kusambaza mbegu zake, naye murundu akawategemea ndege.

Ukoo ulioandikwa upya

Kwa muda mrefu wataalamu waliwaweka elmu na murundu katika ukoo mmoja, uitwao Ulmaceae. Carolus Linnaeus wa Sweden aliipa jenasi ya Celtis jina lake mwaka wa 1753, na Mholanzi Nicolaas Burman akaieleza aina hii ya Afrika mwaka wa 1768. Katika kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Afrika Mashariki, iliyoanza kuchapishwa mwaka wa 1952 na kukamilika mwaka wa 2012, murundu na jamaa zake walielezwa chini ya ukoo huo huo wa elmu.

Hata hivyo, tangu zamani kulikuwa na shaka. Wataalamu waliona kwamba ndani ya ukoo huo mlikuwa na nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ilikuwa na matunda makavu ya kubebwa na upepo, na majani yenye mshipa mmoja wa katikati unaotoa matawi kama unyoya. Nyumba ya pili ilikuwa na matunda yenye nyama na kokwa, na majani ya mishipa mitatu. Elmu alikuwa wa nyumba ya kwanza, murundu wa nyumba ya pili.

Teknolojia ya kuchunguza chembechembe za urithi, yaani DNA, ndiyo iliyokata shauri. Uchunguzi wa miaka ya 1990 na ya 2000 ulionyesha kwamba nyumba ya murundu ina udugu wa karibu zaidi na mmea ambao hakuna aliyemtarajia, nao ni bangi. Katika mpangilio wa kimataifa uliotolewa mwaka wa 2003, murundu na wenzake walihamishiwa rasmi katika ukoo wa Cannabaceae, ambao pia unahusisha hopsi, mmea ambao maua yake huipa bia uchungu wake.

Habari hizi hazipaswi kumtia mtu hofu wala tamaa. Viazi na tumbaku ni wa ukoo mmoja, lakini hakuna anayepika tumbaku kwa chakula cha jioni. Murundu ni mti wa msitu, na udugu wake na bangi ni wa kale mno. Elmu naye bado ni jirani wa karibu katika ukoo mpana zaidi, na ile alama ya jani lisilo na ulinganifu imebaki kama sura ya babu inayoonekana kwa wajukuu waliotawanyika.

Jamaa wengine wa Afrika Mashariki

Murundu si peke yake katika kanda hii. Ndugu yake anayejulikana zaidi kwa wasemaji wa Kiswahili ni mpesi, ambao jina lake la kitaalamu ni Trema orientalis. Wakikuyu huuita muhethu. Huu ni mti wa haraka, unaoota pembezoni mwa msitu na mahali palipofyekwa. Mbegu zake huweza kungoja ardhini, na mti mkubwa unapoanguka na mwanga kupenya, miche ya mpesi huwa miongoni mwa ya kwanza kuchomoza. Kwa sababu hiyo wataalamu huuhesabu kuwa tabibu wa msitu uliojeruhiwa.

Yuko pia Chaetachme aristata, mti wenye miiba na majani magumu, ambao Waingereza waliuita elmu ya miiba. Katika msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, huota aina nyingine za Celtis pamoja na murundu, zikiwemo Celtis gomphophylla, ambayo zamani iliitwa Celtis durandii, na Celtis mildbraedii.

Ikiwa mtu anamtafuta jamaa wa damu wa elmu, yule aliyebaki katika ukoo wa Ulmaceae hata baada ya mpangilio mpya, atalazimika kwenda magharibi zaidi. Katika misitu ya Uganda na ya Kongo kuna mti mkubwa uitwao Holoptelea grandis. Tunda lake ni bapa lenye bawa, kama la elmu ya Ulaya.

Mti wa wengi

Thamani ya murundu haionekani upesi kwa mfanyabiashara. Mbao zake ni nyeupe au za manjano iliyofifia, ngumu na zenye uimara, na zimetumiwa kwa mipini ya zana, rafu na samani za kawaida. Lakini zikikatwa zikiwa mbichi hutoa harufu isiyopendeza, na ndiyo sababu nchini Afrika Kusini mti huu hupewa jina linalomaanisha mti mweupe unaonuka. Harufu hiyo huisha mbao zinapokauka.

Katika misitu ya Nairobi murundu amezungukwa na majirani wenye sifa kubwa kuliko yake. Muhugu husakwa na wachongaji wa vinyago kwa ugumu wa mbao zake. Muthiga hujulikana kwa gome lake lenye ukali wa pilipili linalotumiwa kama dawa. Mutamaiyo, mzeituni wa porini, hutoa kuni na makaa ya hali ya juu. Mukinduri hupandwa mashambani na uani kwa kivuli. Murundu hana hata moja ya sifa hizo kwa kiwango cha kumfanya agombaniwe.

Aliye na haja naye zaidi ni mnyama. Matunda yake madogo huliwa na njiwa, shore na ndege wengineo, ambao humeza kokwa na kuzidondosha mbali pamoja na kinyesi chao. Nyani na kima nao huyala. Katika msitu wa Kibale nchini Uganda, watafiti walionyesha katika miaka ya 1970 kwamba majani ya Celtis durandii yalikuwa sehemu kubwa mno ya chakula cha mbega weusi kwa weupe. Mbuzi na ng'ombe pia hupenda majani ya murundu, na wafugaji katika sehemu mbalimbali za Afrika huyatumia kama lishe.

Kuna kipepeo mmoja ambaye maisha yake yamefungamana na miti hii. Huyo ni Libythea labdaca, anayetambulikana kwa midomo yake mirefu iliyochomoza mbele kama pua. Viwavi wake hula majani ya miti ya Celtis. Nyakati nyingine vipepeo hao huruka kwa makundi makubwa wakihama kutoka eneo moja hadi jingine. Bila majani ya Celtis, hakuna kiwavi, na bila kiwavi hakuna kipepeo.

Msitu uliopungua

Msitu wa Ngong Road ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka wa 1932, ukiwa na takriban hekta 2,926. Hivi leo zimebaki takriban hekta 1,224, ambazo ni pungufu ya nusu. Ardhi iliyotoka ilienda kwa shule, makazi, taasisi na matumizi mengine, na baadhi ilitolewa kwa watu binafsi. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka wa 2004 ilieleza kwa kirefu jinsi ardhi ya umma nchini Kenya, misitu ikiwemo, ilivyogawanywa kinyume cha sheria.

Kilichobaki si kipande kimoja. Msitu umekatwa na Barabara ya Ngong, na katika miaka ya 2010 barabara ya Southern Bypass ilijengwa ikapita ndani yake. Upande mmoja umepakana na Kibera, upande mwingine na uwanja wa mbio za farasi, na sehemu nyingine na mitaa ya Karen na Lang'ata. Isitoshe, si miti yote iliyomo ni ya kiasili. Sehemu zilipandwa mikaratusi, mti wa Australia ulioletwa kwa sababu ya kukua upesi wakati ambapo Nairobi na reli vilihitaji kuni.

Kwa mpita njia, kijani ni kijani. Anayetazama kutoka dirishani mwa matatu huona miti mingi na kuridhika kwamba msitu upo. Lakini shamba la mikaratusi na msitu wa murundu, muhugu na mukinduri ni vitu viwili tofauti. Mkaratusi hauna tunda lenye nyama la kumlisha njiwa, wala jani la kumlisha kiwavi wa Libythea. Mtu asiyejua majina ya miti hawezi kujua kilichopotea, kwa kuwa hakujua kilichokuwapo.

Hapo ndipo hatari ya mti kama murundu ilipo. Mti huu hautishiwi kutoweka katika bara zima, kwani huota kuanzia Afrika Kusini hadi Ethiopia na hata ng'ambo ya Bahari ya Shamu katika Bara Arabu. Lakini mti unaweza kuwa salama katika bara na ukatoweka katika mtaa. Ukikatwa kando ya Barabara ya Ngong ili kupisha jengo, hakuna atakayelalamika kwa jina lake. Mugumo ukianguka huwa habari, kwa kuwa Wakikuyu waliuheshimu kama mti wa ibada. Murundu ukianguka huhesabiwa tu kuwa kichaka kilichofyekwa.

Funzo kutoka Ulaya

Wazungu walijifunza jambo hili kwa machungu. Katika miaka ya 1910 miti ya elmu ilianza kukauka kaskazini magharibi mwa Ulaya bila sababu kujulikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, watafiti nchini Uholanzi waligundua kwamba chanzo kilikuwa kuvu. Kuvu huyo hubebwa na mbawakawa wadogo wanaotoboa gome, kisha huziba mirija inayopandisha maji, na mti hufa kwa kiu huku mizizi yake ikiwa ndani ya udongo wenye maji.

Wimbi la pili lilikuwa baya zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kuvu mkali kuliko wa kwanza aliingia Uingereza kwa magogo yaliyotoka Amerika Kaskazini. Zaidi ya miti milioni 25 ya elmu ilikufa nchini humo. Mti ambao kwa karne nyingi ulitoa majeneza, magurudumu, na hata mabomba ya maji ya London kabla ya enzi za chuma, ulitoweka katika mashamba mengi ndani ya kizazi kimoja.

Pamoja nao walipungua viumbe walioutegemea. Kuna kipepeo wa Ulaya aitwaye Satyrium w-album, ambaye viwavi wake hula elmu tu. Miti ilipokufa, idadi yake ilishuka pia. Anayefikiri kwamba uhusiano wa Libythea na murundu ni jambo dogo la wataalamu, na atazame yaliyompata ndugu huyo wa Ulaya.

Elmu ya milimani ilipata pigo la ziada. Tofauti na elmu nyingine ambazo huchipua upya kutoka mizizini, yenyewe ni nadra kufanya hivyo, na hutegemea mbegu. Mti mama ukifa kabla ya kuzaa, mahali pake hubaki patupu. Nchini Marekani, miji iliyopoteza elmu za barabarani ilipanda badala yake, miongoni mwa miti mingine, aina ya Celtis ya huko, kwa kuwa ugonjwa huo haukuwa tishio kwake. Ndugu wa murundu aliitwa kujaza pengo la elmu.

Ugonjwa huo haujawahi kuwa balaa la miti ya Celtis, kwa hivyo murundu wa Nairobi hana sababu ya kuuogopa. Adui wake ni msumeno, tingatinga na kutojulikana.

Kinachoweza kufanywa

Kenya ina historia ya watu waliokataa kunyamaza. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Prof Wangari Maathai na wenzake katika vuguvugu la Green Belt walipigania msitu wa Karura dhidi ya wanyakuzi wa ardhi, na baadhi yao wakajeruhiwa. Mwaka wa 2004 alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Sheria ya Misitu ya mwaka wa 2005, na baadaye ile ya 2016, ziliyapa makundi ya wakazi nafasi ya kushiriki katika usimamizi wa misitu pamoja na Shirika la Huduma za Misitu nchini (KFS).

Serikali nayo ilitangaza mwaka wa 2022 lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032. Lengo hilo ni kubwa, lakini idadi peke yake haitoshi. Swali ambalo kila mwenye jembe anafaa kujiuliza ni mti upi, na kwa faida ya nani. Mche wa murundu uliopandwa karibu na msitu wa Ngong Road huwa daraja la ndege kati ya kipande kimoja cha msitu na kingine.

Kuuotesha hakuhitaji elimu ya chuo kikuu. Matunda yaliyoiva huokotwa chini ya mti, nyama yake husuguliwa na kuoshwa, na kokwa hupandwa zikiwa bado mbichi kwenye udongo mwepesi wenye unyevu, mahali penye kivuli kiasi. Miche ikishapata nguvu huhamishiwa shambani wakati wa mvua ya masika, kati ya Machi na Mei, au ya vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Dagoretti Corner hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, kiasi kinachomtosha. Katika miaka ya mwanzo mche huhitaji kulindwa dhidi ya mbuzi, ambao huyaona majani yake kuwa karamu.

Mti huu unafaa kwa uwanja wa shule, ua wa kanisa au msikiti, na kingo za mito. Haufai kupandwa karibu sana na nyumba, kwa kuwa hukua ukawa mkubwa. Kwa mwalimu, ni somo lililo tayari: wanafunzi wanaweza kuokota jani, kuhesabu mishipa mitatu, kupima pande mbili zisizolingana, na kisha kuchora ramani ya ukoo inayoanzia Ngong Road hadi milima ya Scotland.

Wauzaji wa miche walio kando ya Barabara ya Ngong huuza kile ambacho wateja wanakiulizia, nao wateja huulizia kile wanachokijua. Mingi ni miti ya mapambo na maua yenye asili ya kigeni. Siku ambayo mteja atasimama pale na kuuliza iwapo kuna murundu, muuzaji atakuwa na sababu ya kuutafuta. Aliyesema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo alisema kweli, na msitu nao ni hivyo hivyo, ila mtoto huanza kulelewa kwa kupewa jina.